Kugeuza benzofenoni kuwa pombe kwa sodiamu borohidridi

Pombe hapa si ya kunywa: ni difenilimethanoli, fuwele zinazopatikana borohidridi inapoipa benzofenoni hidrojeni. Kabla ya kupima chochote, jaribu unga wenyewe wa borohidridi. Kopo lililofunguliwa Desemba, mvua za Mbeya zikiwa zimepamba moto, likifika Machi huwa na mabonge, maana borohidridi hunyonya unyevu na kuharibika polepole. Dondosha chembe kama punje ya ulezi kwenye asidi hafifu. Ikitoa povu kwa fujo, endelea. Ikitoa viputo viwili vitatu, utakuwa unapima chumvi tu.

Yeyusha benzofenoni gramu 1.82 (milimoli 10) kwenye ethanoli mililita 20, flaski ikae ndani ya barafu. Lithiamu alumini hidridi, ndugu yake borohidridi aliye mkali zaidi, ingewaka moto hapo. Borohidridi ni pole, na hata kundi la esta kwa kawaida haligusi. Methanoli inaiyeyusha vizuri zaidi, ila inaila haraka. Kihesabu, kila molekuli ya borohidridi hutoa hidridi nne (hidrojeni zenye chaji hasi), na benzofenoni moja inahitaji moja, kwa hiyo gramu 0.095 zingetosha. Weka gramu 0.20, kwani ethanoli nayo inachukua sehemu yake. Tia kwa ncha ya kijiko, kidogo kidogo kwa dakika 5, ukitikisa. Ukimwaga yote kwa mkupuo, povu litafika mdomoni.

Toa barafuni, koroga nusu saa. Asubuhi za baridi za Julai, ipe saa nzima. Pima kwenye bamba la kromatografia, linalotenganisha vitu kwa madoa, kwa mchanganyiko wa heksani sehemu nne na ethili asetati sehemu moja: benzofenoni hupanda juu, pombe hubaki chini yake. Doa la juu likikataa kuondoka, ongeza borohidridi gramu 0.05.

Sasa kuzima borohidridi iliyobaki, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Rudisha barafuni, weka maji baridi mililita 20, kisha asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita, tone kwa tone, mpaka povu likome. Ukiruka asidi, boroni inabaki imeng'ang'ania pombe yako. Povu lile ni hidrojeni: zima taa ya spiriti, fungua madirisha, hata kama baridi inauma.

Chuja fuwele, osha kwa maji baridi, kausha, kisha zisafishe kwa kuziyeyusha kwenye heksani iliyopashwa kwenye maji moto, si juu ya moto, na kuziacha zigande tena zikipoa. Kitabu kinasema heksani huchemka nyuzi 69. Kwenye mwinuko wa Mbeya, mita 1,700, itakuwahi: itachemka kabla ya hapo.

Fuwele safi huyeyuka karibu nyuzi 67. Benzofenoni huyeyuka 48, kwa hiyo zikilegea mapema, mabaki yapo. Mavuno kamili ni gramu 1.84. Mizani ikisoma 1.95, rudisha zikauke.