Kabla ya kununua jozi, tazama aina yake na mahali ilikokua
Anayenunua jozi, zile kokwa zenye mikunjo kama ubongo, kwa ajili ya mafuta ya omega-3 asidhani kwamba zote ni sawa, kwa kuwa gramu 100 za jozi ya kawaida huwa na takriban gramu 9 za mafuta hayo na gramu 15 za protini, ilhali jozi nyeusi ya Marekani ina protini ipatayo gramu 24 lakini omega-3 yake haifiki hata gramu 3. Joto la mahali jozi inapokua nalo lina sehemu yake: likizidi nyuzi 38 za Selsiasi, kiini huweza kusinyaa na kuwa cheusi, hata kwa aina ya jozi iitwayo Chandler ya California inayosifika kwa weupe. Chagua kiini cheupe na ukihifadhi kwenye jokofu, maana mafuta hayo huchacha upesi.