Hepesi isiyofanana na hepesi: namna ya kuitambua

Wenzangu mnaohudumia wagonjwa wa zinaa, sote tulifundishwa kwamba hepesi ya sehemu za siri ni malengelenge yaliyokusanyika, yenye maji, yanayopasuka na kuuma. Wengi hawaji hivyo. Mimi mwenyewe nilimtibu dada mmoja fangasi mara tatu, kwa mpasuko mwembamba kama uliochanjwa na ukingo wa karatasi. Mara ya nne ndipo nikachukua sampuli.

Hatua ya 1: uliza kama hujirudia. "Imewahi kukutokea hapohapo?" Mchubuko unaopona wenyewe kwa siku chache kisha ukarudi palepale, ushuku hepesi hata kama hujaona lengelenge. Uliza pia kuhusu mchonyoto au ganzi kabla ya kidonda, na maumivu yanayoshuka kutoka matakoni hadi mguuni. Virusi vya hepesi hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo.

Hatua ya 2: kagua zaidi ya uke na uume. Tazama matako, mapaja na njia ya haja kubwa. Mkojo unaochoma unaweza kuwa hepesi. Mgonjwa akishindwa kabisa kukojoa, hiyo ni dharura.

Hatua ya 3: mwenye VVU na kinga iliyoshuka. Kwake kidonda huweza kukaa zaidi ya mwezi, au kikaota nyama kama saratani. Asaikloviri, dawa ya hepesi, isiposaidia, fikiria kwamba virusi vimekuwa sugu kwa dawa, na kipande cha kinyama kipelekwe maabara.

Hatua ya 4: pima. Sugua pamba kwenye kitako cha kidonda kabla hakijakauka, uitume maabara kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi. Jibu hasi halifuti hepesi. Kaswende na VVU pima pia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kipimo cha damu hakitoshi?*
Hapana. Kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana, na ukikuta za HSV-1 (aina ya kwanza ya virusi vya hepesi) hujui kama virusi viko mdomoni au sehemu za siri.

*Mama yuko na mumewe miaka kumi, anauliza nani alitoka nje. Nimjibu nini?*
Mweleze ukweli: dalili za kwanza zinaweza kujitokeza miaka mingi baada ya maambukizi, na HSV-1 hutoka pia mdomoni kwa ngono ya mdomo. Kidonda hakitaji aliyekileta. Tafadhali usivunje nyumba ya mtu kwa kukisia.

*Na mjamzito?*
Akipata kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya mwisho, mpe rufaa siku hiyohiyo. Hatari kwa mtoto wakati wa kuzaliwa ni kubwa, na huenda mama akahitaji kujifungua kwa upasuaji.