Mvua ya kwanza ya masika isikukimbize na mbegu shambani

Wakulima wenzangu wa mikoa ya masika, Pwani, Tanga, Kilimanjaro, Arusha na sie wa kaskazini mwa Morogoro, ikifika mwisho wa Februari na lile joto la kukosesha usingizi, simu zinaanza, "vipi, kwenu imenyesha?" Ikidondoka siku moja tu kesho yake asubuhi njia nzima ni majembe na mifuko ya mbegu. Naelewa, kwa sababu kibarua ukimkosa leo wiki ijayo kashachukuliwa na mwingine, na kila mtu anaogopa kuchelewa. Ila mvua hiyo ya kwanza ndo iliyonitia mimi hasara kubwa, kwa hiyo naomba tuiongelee taratibu.

Masika inakuja wakati pepo zinabadilishana. Kaskazi inaishiwa nguvu, kusi inaanza kuingia, na ule ukanda wa mawingu ya mvua unaofuata jua unapita juu yetu kuelekea kaskazini kati ya Machi na Mei. Sasa kabla pepo hazijatulia mvua inaweza kupiga siku mbili halafu ikapotea wiki mbili nzima, na kimbunga kikijitokeza upande wa Msumbiji kinaweza kuvuta unyevu wetu wote kikaenda nao, kama ilivyokuwa Machi 2019 na kile kimbunga Idai, masika ikachelewa huku kaskazini mwa Tanzania mpaka Kenya.

Mwaka ulioniuma nilipanda heka mbili za mahindi wiki ya kwanza ya Machi, mvua ilikuwa imepiga usiku kucha na udongo juu ulikuwa umelowa vizuri tu. Siku ya nane jua kali, sioni kitu kimeota, nikachukua panga nikafukua shimo moja. Mbegu ilikuwa imetoa kimzizi kama urefu wa kucha, kimesinyaa kimekuwa cha kahawia, punje ukiibinya ni laini na inanuka, na pembeni yake punje za DAP, ile mbolea ya kupandia, zimekaa vilevile nilivyozimwaga. Nikafukua la pili, la tatu, yote hivyohivyo. Unyevu ulikuwa unatosha kuiamsha mbegu lakini haukutosha kuilea. Nikanunua mbegu upya, na za dukani msimu ukishaanza hupati unayoitaka, unapewa iliyobaki.

Toka hapo sipandi mpaka nimefukua. Chimba shimo la kina cha sentimita 15 hivi, chukua udongo wa chini kabisa, sio wa juu, uufinyange kiganjani. Ukimwagika kama vumbi bado, subiri. Ukishikana kama donge na ukilidondosha chini linapasuka, hapo panda. Ukitoa maji kwenye vidole au ukinata kama ugali mbichi acha kabisa hata usilime, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa na trekta ukiwa umelowa unashindiliwa unakuwa kama tofali na mizizi haipenyi msimu mzima.

Na weka kopo shambani jamani. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, lichomeke sehemu ya wazi mbali na miti, kila asubuhi pima kwa rula ya mtoto wa shule, andika, mwaga. Ukifikisha milimita 20 hadi 25 ndani ya siku mbili tatu hiyo ndo mvua ya kupandia. Milimita 20 zinasikika kama kitu kidogo ila ni lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, yaani heka nzima ni kama ndoo 4,000 za lita 20, hakuna mtu wa kuibeba hiyo kichwani. Halafu kabla hujatoa mbegu angalia na utabiri wa TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanatoa wa msimu na wanatoa pia wa siku 10, huo wa siku 10 ndo unaokusaidia kujua kama mvua itaendelea.

Sasa kusubiri huku kusigeuke uvivu. Subiri ukiwa umeshalima, umeshanunua mbegu na mbolea, kamba iko tayari, ili udongo ukikubali upande ndani ya siku mbili tatu. Mimi natumia sentimita 75 mstari kwa mstari na 60 shimo kwa shimo, mbegu mbili, kina cha vidole vitatu, na DAP kisoda kimoja kila shimo, kisha unafukia udongo kidogo juu ya mbolea ndo unaweka mbegu, zisigusane. Kwa nafasi hiyo heka inameza kama mfuko mmoja wa kilo 50.

Sababu ya haraka hiyo ni maua. Mahindi huku kwenye joto yanatoa mbelewele na ndevu kwenye siku ya 55 hadi 65, na hapo ndo yanahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote, yakikosa unavuna magunzi yenye meno mawili matatu. Ukipanda katikati ya Machi maua yanaangukia katikati ya Mei, mvua bado ipo. Ukipanda tarehe 20 Aprili yanaangukia Juni, na Juni kwetu ni kipupwe, umande tu. Kwa hiyo mbegu ya kukomaa siku 120 kuipanda mwezi wa nne ni kuipeleka kwenye ukame ukiwa unaiona.

Mvua ikizidi nako kuna kazi. Shamba la mbugani chimba mitaro mapema, kabla ya palizi ya kwanza, maana hindi dogo likilala kwenye maji siku tatu nne mizizi inakosa hewa na inakufa. Ukiona majani yanageuka njano baada ya mvua kubwa mfululizo ujue naitrojeni imesombwa, hasa kwenye udongo wa kichanga, hivyo mbolea ya urea usiimwage yote kwa mkupuo, gawa mara mbili, na fukia, usiitupe juu ya ardhi kwa sababu inageuka hewa na harufu yake unaisikia kabisa. Mawingu yakiwa mazito na mvua kubwa inatabiriwa kesho, iache ndani kwanza.

Kukiwa na jua la siku nyingi katikati ndo kiwavijeshi vamizi anashamiri, huyu aliyeingia nchini 2017. Pita asubuhi, angalia vidirisha vidogo vyeupe kwenye majani na kinyesi kama pumba za mbao kwenye kitovu cha hindi, ukimuwahi akiwa mdogo dawa inamfikia, akishaingia ndani unapoteza hela.

Na kama mpaka katikati ya Aprili udongo haujakubali, mahindi ya muda mrefu yaache, tafuta ya muda mfupi ya siku 90, na heka nyingine weka choroko au kunde. Choroko unaanza kuchuma siku ya 60 hadi 70, mvua za mwezi wa tano zinaitosha, na mbegu hiyo itafute sasa hivi wakati bado ipo sokoni, uitunze pembeni, mvua ikija kwa wakati utaipanda vuli.