Kufundisha sitiari za riwaya katika darasa lenye wanafunzi wageni wa Kiswahili

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa tamathali iliyotumika kwenye dondoo, mara nyingi huandika "sitiari" (kukizungumzia kitu kana kwamba ni kingine, bila "kama") na kutua kalamu. Jina analo, anachokosa ni maelezo, na maelezo ndiyo yanayoonyesha kwamba ameielewa riwaya. Katika madarasa ya Nairobi ugumu huu una sura ya pili. Mwanafunzi aliyehamia Eastleigh kutoka Mogadishu, au Kasarani kutoka Juba, huenda anamwelewa mhusika vizuri kabisa, ila neno lililobeba sitiari hajawahi kulisikia. Ufasili wa sitiari haumsaidii. Anza na kitu chenyewe.

Kwa kipindi cha dakika 40, chagua sitiari 3 kutoka sura moja, zisizidi. Acha zile zilizochakaa kama "nguzo ya familia", kwa sababu wanafunzi huzijibu kwa mazoea bila kufikiri. Chukua zinazomjenga mhusika.

Tuseme sentensi ni hii: "Mjomba alikuwa kupe katika ukoo ule." Dakika 10 za kwanza ni za kupe mwenyewe; mjomba asitajwe. Onyesha picha, kisha uliza: anaishi wapi? Anakula nini? Wengi waliozaliwa mjini hawajamwona kupe, lakini mwenzao aliyekulia kwa wafugaji anamjua fika. Mpe nafasi aeleze, hata kwa ishara na maneno machache. Siku hiyo yeye ndiye mjuzi. Andika ubaoni: hung'ang'ania ngozi, hufyonza damu, hufura huku ng'ombe akidhoofika, hueneza maradhi kama ndigana, na ukimvuta vibaya mdomo hubaki ndani ya ngozi.

Sasa rudini kitabuni. Chora jedwali la safu tatu: anayezungumziwa, anachoitwa, na sifa zinazowaunganisha. Kila sifa iliyo ubaoni ipimwe kwa matukio. Je, mjomba alitajirika wakati ukoo ukifilisika? Kuna madhara yaliyobaki hata baada ya kufukuzwa? Sifa isiyo na ushahidi kwenye kurasa, kwa mfano miguu minane, ifutwe. Kazi hii ndiyo kiini cha somo, nayo inahitaji dakika 15 nzima.

Wafanye kazi hiyo wanne wanne, na mgeni akae na anayeshiriki naye lugha ikiwezekana. Waache wajadiliane kwa Kisomali, Kidinka au Sheng kwanza, kisha waandike kwa Kiswahili sanifu. Ukiwalazimisha wafikiri na kutafuta maneno kwa wakati mmoja, wageni watanyamaza. Wape kiunzi hiki cha kuandikia: "Mwandishi anamwita … kuwa … kwa sababu … Hili linaonyesha kwamba …" Kiondoe baada ya wiki chache, la sivyo insha zote zitafanana.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kuchanganya sitiari na tashbihi: penye "kama", "mithili ya" au "mfano wa", hiyo ni tashbihi. La pili ni kudhani kila "ni" huleta sitiari, ilhali "Juma ni mwalimu" ni taarifa tu. La tatu ndilo gumu zaidi: kutoziona sitiari zilizo kwenye vitenzi. "Alimeza matusi yale" hupita bila kuonekana kwa sababu wanafunzi wamezoea kutafuta nomino. Wapigishe mstari chini ya vitenzi vya aya moja, na kwa kila kimoja waulize kama tendo hilo laweza kufanyiwa kihalisi kitu kinachotajwa. Matusi hayamezwi.

Katika zoezi la kufunga kipindi, gawa alama 4 hivi: 1 ya kutambua, 1 ya kunukuu, 2 za kueleza sifa na athari yake katika riwaya. Mgeni aliyekosea upatanisho wa ngeli lakini akaeleza sifa sawasawa apate alama zake zote za maelezo. Kosa la ngeli lirekebishe pembeni kwa kalamu ya rangi tofauti.