Jinsi ya kuandaa hotuba ya sakramenti inayogusa marufuku ya ukuhani ya kabla ya 1978

Sisi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (watu hutuita Wamormoni). Mshauri wa askofu, yaani msaidizi wa kiongozi wa kata (usharika wetu), amekupigia, amekupa dakika 12 kwa mkutano wa sakramenti, ibada yetu ya Jumapili, na mada ni hekalu. Sasa hapa Nairobi, hekalu letu liliwekwa wakfu Mei 2025, karibu kila mtu aliyekaa mbele yako ni mweusi, na wewe unajua kulikuwa na wakati mtu mweusi alikuwa hakubaliwi kupokea endaumenti (ibada ya hekaluni ya kufanya maagano na Mungu) wala kuunganishwa na familia yake milele ndani ya nyumba kama hiyo, na wanaume weusi hawakupewa ukuhani; hiyo ndiyo marufuku ya ukuhani. Vijana washaisoma hiyo historia kwa simu, wengine usiku peke yao, na hakuna mtu mzima wa kata amewahi kuwaambia kitu. Mimi naamini ni vibaya sana kuwaachia wabebe hiyo peke yao. Kwa miaka nimekuwa nikihutubu na kufundisha Shule ya Jumapili, na hivi ndivyo naandaa hotuba ya aina hii.

Hatua ya 1: Ongea na askofu

Mpigie mapema, mwambie unataka kutaja nini na kwa dakika ngapi. Mkutano ni jukumu lake, halafu yeye anajua nani kwa kata anapitia shida ya imani wiki hii na nani amekuja na mgeni. Usimshtue ukiwa tayari kwa mimbari.

Hatua ya 2: Panga ukweli wako kwa tarehe

Anza na insha ya kanisa lenyewe kuhusu rangi na ukuhani, ilitoka Desemba 2013 na iko kwa tovuti ya kanisa. Isome yote, usisome vipande vya watu wa TikTok, wawe wanatetea au wanashambulia. Tarehe unazohitaji si nyingi. 1836, wakati wa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, mtu mweusi anaitwa Elijah Abel alitawazwa kuwa mzee (cheo cha ukuhani), kwa hivyo marufuku haikuwako tangu mwanzo, na hii watu wengi hawajui. 1852 Brigham Young, aliyeongoza kanisa baada ya Joseph Smith, akatangaza mbele ya bunge la Utah, Marekani (wakati huo bado haijawa jimbo kamili), kwamba wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawatatawazwa tena. Juni 1978, chini ya Rais Spencer W. Kimball, ukaja ufunuo ulioondoa hiyo marufuku, ndio ule uko kwa Mafundisho na Maagano, kimoja cha vitabu vyetu vya maandiko, kama Tamko Rasmi la 2. Kenya kanisa lilisajiliwa 1991. Yaani kati ya ufunuo na usajili wetu ni miaka 13 pekee, kwa hivyo wazee wa kata yako walikuwa washazaliwa kitambo marufuku ikiendelea.

Hatua ya 3: Andika ile sentensi ngumu neno kwa neno

Mahali pengine unaweza kuongea kutoka kwa kichwa lakini hapa hapana, manake ukifika hapo bila karatasi utaanza kuzunguka mbuyu. Utasikia watu wakisema "kulikuwa na changamoto fulani za kihistoria", na hiyo haisemi chochote, ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mimi naandika hivi: "Ndugu na dada, kuanzia katikati ya miaka ya 1800 hadi 1978, kanisa letu halikuwatawaza wanaume weusi wenye asili ya Afrika, na wanaume na wanawake weusi hawakuruhusiwa kupokea endaumenti wala kuunganishwa hekaluni. Wangekuwa ni sisi, tungefungiwa nje." Halafu nanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Isome kwa sauti nyumbani mpaka uweze kuisema ukiangalia watu na si karatasi. Iweke kwa dakika tatu za kwanza, ukiiacha mwisho inaonekana kama umelazimishwa.

Hatua ya 4: Toa sababu zote za kubuni

Hapa ndipo hotuba nyingi zinaumiza watu, na msemaji hata hana nia mbaya. Anasema ukweli vizuri, halafu kimya kinamwogopesha, anaanza kukijaza: laana ya Kaini, ati watu weusi hawakuwa waaminifu kabla ya kuzaliwa, ati Mungu alikuwa anangoja Waafrika wawe tayari. Kanisa lenyewe kwa ile insha ya 2013 limekataa wazi nadharia kwamba ngozi nyeusi ni ishara ya laana au ya kutopendwa na Mungu, au kwamba inatokana na matendo ya maisha ya kabla ya kuzaliwa, kwa hivyo ukiirudia kwa mimbari unafundisha kitu ambacho kanisa limekana. Hiyo ya "hatukuwa tayari" ndio inanikasirisha zaidi kwa sababu inasikika ya upole. Mbele yako kuna mama ambaye baba yake alivalishwa kipande (kitambulisho cha lazima kwa wanaume Waafrika) shingoni na mkoloni akiambiwa hivyo hivyo, kwamba muda wake haujafika. Pitia karatasi yako na kalamu, kila mahali umeandika "labda Mungu aliona" piga mstari. Hata kuhusu kwa nini marufuku ilianza, kanisa halijatoa sababu, na wewe usiitoe.

Hatua ya 5: Leta mtu mmoja, si historia yote

Mimi namleta Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyekuwa muumini wa kanisa siku zile za mwanzo. 1843 alitoka Connecticut na familia yake kwenda Nauvoo, mji wa Illinois ambako waumini walikuwa wanakusanyika, wakafika Buffalo wakakataliwa kupanda meli, wakatembea kilomita zaidi ya elfu moja. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba viatu viliisha, miguu ikapasuka, damu ikabaki kwa ardhi, wakasimama wakaomba na miguu ikapona. Baadaye akiwa Utah aliomba endaumenti tena na tena, akakataliwa. 1894 wakamuunganisha na familia ya Joseph Smith lakini kama mtumishi. Alikufa 1908 akiwa bado muumini, na endaumenti yake ilifanywa kwa niaba yake 1979. Usiruke hilo neno mtumishi. Na usimfanye awe mfano wa kuvumilia kimya, manake hakunyamaza, aliendelea kuomba mpaka uzee.

Hatua ya 6: Ushuhuda

Sema kile unachoamini kweli, kwa maneno yako. Kama bado kinakuuma sema kinakuuma na bado uko hapa, na useme kwa nini uko. 2 Nefi 26:33 kwa Kitabu cha Mormoni inafaa mahali hapa, weusi na weupe wote ni sawa kwa Mungu.

Hatua ya 7: Usikimbilie matatu

Baki kwa korido. Kijana atakuja na swali moja, "mbona hamkutuambia?", mpatie kiti, sikiliza mpaka amalize, mtumie ile insha kwa WhatsApp. Pia kuna mzee atakuja amekasirika kwamba umeharibu mkutano, na yeye pia msikilize bila kubishana, muulize aliisikia wapi mara ya kwanza na alijisikiaje. Kama swali ni kubwa kuliko ule muda mko nao, wekeni siku hapo hapo kwa simu, na umwambie askofu nani anahitaji kutembelewa.