Hela za Mdachi: ninavyokusanya sarafu za kale hapa Moshi

Mimi ni fundi saa, nina meza karibu na stendi ya mabasi. Sarafu yangu ya kwanza niliipata kwa mzee wa Kibosho aliyepungukiwa na fedha ya betri. Alifungua leso, akatoa kipande cha shaba chenye taji, akaniuliza: "Kijana, hela hii huitaki?" Ilikuwa hela kweli, Heller ya Mjerumani, mwaka 1908. Neno letu lilitoka humo.

Nawe anza na hela. Zilikuwa nyingi na bei yake haiumizi. Kabla yake, kuanzia 1890, kampuni ya Wajerumani ilitoa pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, 64 kwa rupia moja. Serikali yao ilipobadili hesabu mwaka 1904, rupia ikawa hela 100. Tazama mwaka, kisha tafuta herufi ndogo ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka uleule wenye herufi tofauti ni sarafu mbili tofauti, kwa hiyo usimgawie mwenzako "ya ziada" kabla hujavaa miwani.

Za kutafuta ziko migombani kuliko mjini. Ila ukifika kwa bibi ukaulizia "sarafu za kihistoria" atakuambia hana. Mpe shikamoo, kaa, mbege ikiletwa kunywa, ndipo uulize zile hela zenye tundu. Hela 10, na hela 5 za 1913 na 1914, zilitobolewa katikati, na wengi walizitunga kwenye uzi. Mweleze bibi unachokiona na bei yake kabla hajakutajia yake. Mjukuu akikuletea kwa siri, mrudishe kwa bibi yake. Mimi nimewarudisha wawili, na mmoja bibi mwenyewe alikuja naye kesho yake tukapatana.

Sasa kosa langu. Nilipata rupia ya fedha, Kaiser, mfalme wa Wajerumani, amevaa kofia ya chuma yenye ndege tai, imeingia weusi. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Mnunuzi aliyetoka Arusha aliigeuza mara moja tu, akaniambia atainunua kwa uzito, kama bangili iliyovunjika. Weusi ule ndio uliokuwa umri wake. Tope litoe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha kwa kugandamiza kitambaa laini, usisugue. Brasso iache kwa vitasa vya milango.

Nunua mizani ndogo ya sonara. Rupia nzima ina gramu 11.66, iliyolika hupungua kidogo, lakini ikisoma 9 mrudishie mwenyewe. Shika na sumaku: fedha haivutwi. Hasa uwe macho na za Tabora. Vita vilipofunga njia ya bahari, Wajerumani walijipigia sarafu wenyewe kule mwaka 1916, zenye herufi T: hela 5 na 20, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Hizo hela ni za kienyeji kweli, zimepindapinda, nami nazipenda kuliko zote. Ya tembo niliwahi kuonyeshwa Arusha kwenye duka la vinyago. Ya kweli ni gramu 7 na kidogo. Ile ilikuwa 4, na ukingoni ilikuwa na mstari wa kalibu. Nikashukuru, nikanunua kijiko cha mpingo.

Za Mwingereza ni rahisi zaidi: shilingi za simba kuanzia 1921. Senti 5 na 10 za 1936 zisome vizuri, huenda zina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo. Si adimu, ila wauzaji wengi huzichanganya na za baba yake.

Weka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa nailoni wakati wa masika huzitia ukijani. Juu ya bahasha andika uzito, kijiji, siku na ulichotoa. Ile ya kwanza imeandikwa: Kibosho, hela 1, 1908 J, betri moja ya saa.