Somo: Kumlea Buldogi katika Joto la Dar es Salaam

Buldogi wa Kiingereza ni mbwa wa umbo la wastani, mwenye uzito wa kilo 23 hadi 25 hivi, ambaye mababu zake walipambanishwa na mafahali hadi mchezo huo ulipopigwa marufuku nchini Uingereza mwaka 1835. Baadaye wafugaji walimzalisha ili awe mpole, naye leo hakuna anachopenda kuliko kukaa na watu. Lakini pua yake fupi ndiyo inayoamua malezi yake yote, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na huyu njia yake ya hewa ni finyu.

Hatua ya kwanza ni mahali pa kulala. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na hewa ya mjini kwetu ikajaa unyevu, banda la mabati uani ni hatari kwa maisha yake. Alale ndani, juu ya sakafu ya vigae, penye feni na maji safi.

Hatua ya pili ni matembezi. Mtoe alfajiri au baada ya magharibi, kwa dakika chache, ukimvisha mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni. Akihema kwa kukoroma, mate yakawa mazito na ufizi ukageuka rangi ya samawati, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, kisha umwahishe kwa daktari wa mifugo. Niliwahi kungoja nusu saa nikidhani amechoka tu, na nikampoteza.

Hatua ya tatu ni ngozi: mikunjo ya uso na ya shina la mkia ifutwe na kukaushwa kila siku, huku ukimtafuta kupe. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naweza kumpeleka Coco Beach akaogelee?
Jibu: Atembee mchangani jioni, lakini asiogelee, kichwa kizito na miguu mifupi humzamisha upesi.

Swali: Wangu anakula ugali na mchuzi wa dagaa uliobaki. Kuna ubaya?
Jibu: Ubaya uko kwenye mchuzi, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mchemshie dagaa pekee, bila chumvi, na umpimie, maana unene humbana pumzi.

Swali: Jike wangu ana mimba, azalie nyumbani?
Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Vichwa vya watoto ni vikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba, hivyo wengi huzaa kwa upasuaji. Panga na daktari mapema.